Kuwapa bakteria jeni ya yavuyavu: hatua kwa hatua, katika joto la Mombasa

Zoezi hili nimelifanya mara nyingi na wanafunzi wa stashahada hapa Mombasa, na kinachotuangusha ni kilekile: barafu. Maelezo yanayokuja na vifaa yameandikiwa nchi za baridi. Yakisema "acha kwenye joto la chumba", yanakusudia nyuzi 22 hivi. Maabara yangu mwezi wa Februari, feni zikizunguka, hufika nyuzi 32. Kwa hiyo naandika ninavyofanya hapa.

Jeni yenyewe ni ya protini inayong'aa kijani, na asili yake ni yavuyavu wa Pasifiki aitwaye *Aequorea victoria*. Osamu Shimomura aliitenga protini hiyo mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kwamba jeni yake ikitiwa ndani ya bakteria, nao hung'aa. Mwaka 2008 wawili hao, pamoja na Roger Tsien, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Njia tutakayopita ni ileile ya insulini: jeni ya binadamu ilitiwa kwenye bakteria wa utumbo, *E. coli*, mwaka 1978, na dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1982. Kabla ya hapo, mgonjwa wa sukari alitegemea kongosho za ng'ombe na nguruwe.

Kabla ya kuanza. Pata idhini ya kamati ya usalama ya chuo chako. Kazi ya kubadilisha jeni nchini Kenya iko chini ya mamlaka ya kitaifa iliyoundwa kwa sheria ya 2009, na zoezi hili hufanyiwa maabara, si jikoni. Tumia *E. coli* dhaifu wa maabara, aina ya K-12, si wale wanaoharisha watu.

Hatua ya 1: sahani. Chemsha agari yenye lishe, ile rojo inayoganda na kuoteshewa bakteria, kwa mvuke wa presha, nyuzi 121, dakika 15. Tumia maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima ya huku yana chumvi. Iache ipoe hadi chupa ishikike mkononi bila kukuunguza, kama nyuzi 50, ndipo utie ampisilini, dawa ya kuua bakteria, maikrogramu 100 kwa kila mililita. Ukiitia ikiwa moto, dawa inaharibika na hutajua mpaka kesho. Mimina sahani nne: moja ya agari tupu isiyotiwa dawa, mbili zenye ampisilini, na moja yenye ampisilini na arabinosi, sukari inayoiamsha jeni ya yavuyavu.

Hatua ya 2: vichupa. Andika "ndiyo" kwenye kimoja na "hapana" kwenye kingine. Kila kimoja kitie maikrolita 250 za kloridi ya kalisi baridi, kisha kwa kitanzi cha maabara chota koloni moja, yaani kidoa kimoja cha bakteria walioota pamoja, uzungushe mpaka lisionekane donge. Kwenye "ndiyo" peke yake ongeza maikrolita 10 za plasmidi, ile pete ndogo ya DNA iliyobeba jeni ya yavuyavu pamoja na jeni ya kuhimili ampisilini.

Hatua ya 3: barafu, joto, barafu. Hapa nenda pole. Barafu ya vipande vikubwa, kama ya wauza samaki, huacha hewa kati ya vipande na kichupa hakipoi sawasawa. Siku moja darasa langu zima lilikosa hata koloni moja, na nilipotia kipimajoto karibu na vichupa kilisoma nyuzi 11. Tangu siku hiyo naiponda barafu kwa mchi ndani ya mfuko, naongeza maji kidogo iwe uji, na vichupa vinazama humo mpaka shingoni. Dakika 10.

Toka hapo, moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 42 kwa sekunde 50. Mmoja ashike saa, mwingine vichupa. Beseni la barafu na la maji moto viwe bega kwa bega. Ukitembea navyo chumbani, joto la chumba linakula ile tofauti ya ghafla inayoisaidia DNA kupenya. Rudisha kwenye barafu dakika 2.

Hatua ya 4: kupumzisha. Ongeza maikrolita 250 za mchuzi wa lishe kila kichupa, dakika 10 mezani. Bakteria wanahitaji muda wa kutengeneza kinga yao kabla ya kukutana na dawa.

Hatua ya 5: kupanda. Maikrolita 100 kila sahani. "Ndiyo" iende kwenye sahani ya arabinosi na moja ya ampisilini. "Hapana" iende kwenye ampisilini iliyobaki na kwenye agari tupu. Weka kwenye kiatamishi, kabati la kutunza joto, nyuzi 37, sahani zikilala kifudifudi, saa 24. Usizidishe, kwa sababu bakteria walioipokea plasmidi huvunja ampisilini iliyowazunguka, na vikoloni visivyo na plasmidi huota pembeni. Stima ikipotea usiku, usifungue mlango wa kiatamishi.

Hatua ya 6: kusoma. Wanafunzi hukimbilia sahani inayong'aa. Mimi huanza na "hapana" yenye ampisilini, na lazima iwe tupu. Ikiota kitu, dawa haikufanya kazi, na makoloni ya sahani nyingine hayathibitishi lolote. "Hapana" ya agari tupu ijae bakteria tele. Kisha zima taa, vaa miwani ya kinga, washa taa ya urujuanimno. "Ndiyo" bila arabinosi ina makoloni meupe: jeni imo, imelala. Yenye arabinosi inawaka kijani. Ikififia, iache mezani siku moja zaidi. Protini hii hujikunja vizuri zaidi chini ya nyuzi 37.

Ni seli chache sana kati ya mamilioni zilizoipokea jeni. Ampisilini ndiyo iliyozichuja. Kwenye mimea pia mchujo hauepukiki. Muhogo wa 4046, unaohimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia na ulioidhinishwa Kenya mwaka 2021, ulipokea jeni yake kupitia bakteria wa udongo, *Agrobacterium*, kisha ukakuzwa kutoka kwenye tishu zilizopita mchujo wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba sisi tunasubiri usiku mmoja, na wao miezi.

Hatua ya 7: kuteketeza. Sahani, vichupa na vitanzi, vyote virudi kwenye presha, nyuzi 121, dakika 30. Meza ipanguswe kwa jiki, sehemu moja kwa maji tisa. Hesabu sahani zinazoingia. Zikitoka nne, funga maabara.