Namna ya kuomba kibali cha kukarabati nyumba ya Mji Mkongwe ukiwa unaishi nje ya nchi

Mzanzibari anayeishi Maskati au London akiletewa picha ya ufa kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu babu yake pale Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, fikra ya kwanza huwa ni kutafuta fundi na kutuma fedha. Naomba asianzie hapo. Nyumba iliyomo ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe haiguswi bila ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo kilichoanzishwa mwaka 1985 na ambacho sasa kinafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010. Kibali hakihusu ujenzi mpya peke yake. Kubadilisha dirisha, kuezua paa, kubomoa ukuta wa ndani au kuondoa baraza ya mbele ni mambo ya kuombewa ruhusa kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na eneo lake la hekta 96 limezungukwa na ukanda wa kinga wenye masharti yake, kwa hiyo hata mwenye nyumba iliyo pembezoni ni vyema aulize kwanza.

Kwa maoni yangu, sehemu ngumu ya safari hii haiko ofisini, iko ndani ya familia. Ombi haliwezi kusimama mpaka ijulikane nyumba ni ya nani, na jibu mara nyingi si lile mlilokuwa mkilisikia utotoni. Huenda nyumba ni ya warithi ambao mirathi yao haikugawiwa tangu bibi alipofariki. Huenda ni ya wakfu, na hapo mwenye kauli ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Au huenda ni miongoni mwa zile zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na jamaa zenu walioishi humo miaka yote hiyo ni wapangaji wa Serikali. Tafuta hati, stakabadhi za kodi na karatasi za mirathi kabla hujamlipa mchoraji wa ramani hata shilingi moja. Warithi wakiwa wengi, waandike na kutia saini kwamba wameridhia ukarabati, kwa sababu mrithi mmoja aliyeachwa nje anaweza kuisimamisha kazi wakati paa limeshaezuliwa na masika yamekaribia.

Uraia nao utazamwe mapema. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na haki ya kuitumia kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 hupewa Mzanzibari, ilhali Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyechukua pasipoti ya nchi nyengine amwone wakili wa Zanzibar kuhusu nafasi yake, na mara nyingi itakuwa salama zaidi ombi likipelekwa na ndugu aliyebaki nyumbani ambaye naye ni mrithi. Anayekusimamia apewe hati ya uwakala iliyothibitishwa, inayotaja kwa uwazi kwamba anaweza kuomba kibali, kutia saini ramani na kupokea barua za ofisi. Maneno ya simu hayatoshi. Mpitieni sheha, yaani kiongozi wa Serikali katika shehia yenu, pia, kwani yeye ndiye anayewajua wakaazi na majirani, na katika vichochoro ambavyo ukuta wako ndio ukuta wa jirani, ridhaa ya jirani ni jambo la lazima kimaungwana hata pale lisipokuwa la kisheria.

Baada ya hapo ndipo ije ramani. Mwambie mchoraji apime nyumba ilivyo leo, kila chumba, ngazi, kidaka na ua wa ndani, kisha achore kando yake namna itakavyokuwa. Aongeze picha za kila upande na maelezo ya vifaa vitakavyotumika, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi mazuri yanapoharibika. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, nazo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi, lipu hubanduka, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza bila ya mtu kuona. Boriti hizo za mikoko ndizo zilizofanya vyumba vya kale viwe vyembamba, upana wa takriban mita 3, na anayetaka kuondoa ukuta wa kati ili apate ukumbi mpana anaondoa kinachobeba dari. Kuweka zege juu ya kuta za namna hii ni kuzitwika mzigo ambao hazikujengewa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililomo Mji Mkongwe, iliporomoka ikiwa katika matengenezo na watu wakapoteza maisha. Tangu siku ile sioni vipi mtu anaweza kumlalamikia mkaguzi anayeuliza sana kuhusu uimara wa jengo.

Kwa hiyo andika chokaa pale ambapo ungeandika saruji, na mbao pale ambapo ungeandika alumini. Mlango wa kuchonga ubaki mahali pake. Tangi la maji na mashine ya kiyoyozi viwekwe pasipoonekana kutoka mtaani, na vionyeshwe kwenye ramani tangu mwanzo.

Kibali kikitoka, nakala yake ikae kwenye nyumba yenyewe, mkononi mwa fundi, kwa kuwa wakaguzi hufika kazi ikiendelea na hulinganisha wanachokiona na kilichochorwa. Panga paa lifunguliwe baada ya masika, yaani kuanzia Juni, na lifungwe kabla ya vuli. Fundi akifungua dari akakuta boriti zimeoza kuliko ilivyotarajiwa, mwakilishi wako asimamishe kazi sehemu hiyo, apige picha, na apeleke maombi ya mabadiliko kwa maandishi kabla ya kuendelea.