Somo: Ronda hadi Puerto Serrano kwa baiskeli, siku tano bila haraka

Wengi mmeniuliza ni njia ipi inamfaa mtu anayetaka kuona vijiji vya Hispania kwa baiskeli lakini si mwanariadha. Jibu langu halijabadilika: nenda Andalusia, kwenye milima ya kaskazini mwa jimbo la Cádiz, ukapite juu ya reli ambayo haikuwahi kupitisha treni.

Reli hiyo ilianza kujengwa miaka ya 1920 ili kuunganisha Jerez na Almargen. Walichimba mahandaki, wakasimamisha madaraja na stesheni, kisha kazi ikakwama na isikamilike kamwe. Leo kipande cha kilomita 36 kati ya Olvera na Puerto Serrano kinaitwa Vía Verde de la Sierra, na ni njia ya baiskeli, miguu na farasi. Kina mahandaki 30 na madaraja makubwa 4. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliopima njia hii walitoboa milima badala ya kuipanda. Faida yake unaipata wewe leo, na mizigo yako kwenye karia.

Siku tano nilizotaja ni kwa makusudi. Aliye fiti anaweza kumaliza kwa siku mbili, lakini atakuwa amepita vijijini saa ambayo kila mlango umefungwa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Aprili, Mei, mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Julai na Agosti usiende. Joto hupita nyuzi 40 mabondeni, na nimewahi kumkuta kijana mwenye nguvu zake amekaa kivulini mdomoni mwa handaki, amemaliza maji, hawezi hata kukaza kofia.

Hatua ya 2: Baiskeli na mizigo

Tairi nyembamba za mashindano hazifai. Kuna vipande vya changarawe. Tairi ya milimita 40 inatosha kabisa. Chukua tyubu mbili, viraka, solosheni, pampu na kiungo cha akiba cha mnyororo, kwa sababu fundi wa baiskeli humpati kila kijiji. Na mjue kwamba mbigili, ileile inayotuchoma miguu kwetu, inaota huko pia pembeni mwa njia. Ukiegesha baiskeli, iegeshe kwenye jiwe au lami, si kwenye majani. Kabla hujaondoka, zungusha kila tairi taratibu ukipapasa kwa kidole gumba. Mwiba unaokutwa ukiwa bado juu juu ni kazi ya sekunde tano. Uliozama ni pancha.

Taa ya mbele na ya nyuma ni lazima. Helmeti pia: sheria ya Hispania inaitaka kwenye barabara za nje ya miji. Usiku au penye ukungu vaa nguo inayong'aa. Dereva anayekupita anatakiwa akuachie angalau mita moja na nusu, na kwa uzoefu wangu wengi wanatii.

Hatua ya 3: Ronda, Setenil, Olvera (siku ya 1 na ya 2)

Ronda ina stesheni ya treni. Kwa treni za mikoa baiskeli hukubaliwa, ila nafasi ni chache, hivyo kata tiketi ya baiskeli mapema. Za mwendo kasi hutaka iwe imekunjwa au imefungwa kwenye mfuko. Tazama daraja la Puente Nuevo lililokamilika 1793, juu ya korongo la karibu mita 100, kisha uondoke asubuhi kwa njia ya Arriate hadi Setenil de las Bodegas. Ni chini ya kilomita 20.

Setenil lala. Watu hupiga picha na kuondoka, nami nasema hapo ndipo wanapokosea. Nyumba zimejengwa chini ya mwamba unaoning'inia juu ya mto. Ukuta wa mbele umepakwa chokaa, dari ni mlima wenyewe. Chumba nilicholala kilikuwa na jiwe tupu juu ya kitanda, limepakwa rangi nyeupe, na ukiligusa ni baridi kama mtungi. Saa tatu usiku wageni wa mabasi wameshaondoka, na wazee wanatoa viti nje. Ukipita salimia: "buenas". Neno hilo moja linafungua mlango kama hodi.

Kesho yake pita Torre Alháquime, jina ambalo ndani yake unalisikia neno "hakimu", ukapande Olvera. Mpando wa mwisho ni mkali. Shuka usukume, hakuna ubaya. Kijiji kiko kama mita 640 juu ya usawa wa bahari, ngome ya Waarabu upande mmoja wa kilele na kanisa upande wa pili. Mfalme Mkristo Alfonso wa Kumi na Moja aliiteka mwaka 1327, na kwa zaidi ya karne moja huu ulikuwa mpaka kati ya Wakristo na dola ya Kiislamu ya Granada.

Mswahili akiwa huku hapotei kabisa katika lugha. Zaituni wanaziita "aceitunas", sukari "azúcar", zafarani "azafrán". Meya ni "alcalde", ambaye ni kadhi wetu aliyebadilishiwa kazi. Na wakikuaga kwa "hasta luego", hiyo "hasta" ni "hata" yetu. Sote tulichota kisima kimoja, Kiarabu.

Hatua ya 4: Reli (siku ya 3)

Toka alfajiri stesheni ya Olvera uelekee Puerto Serrano; upande huo kwa ujumla ni mteremko. Jaza chupa zote. Bomba lililoandikwa "agua no potable" si la kunywa.

Mahandaki yanataka utaratibu. Vua miwani ya jua kabla hujaingia, washa taa zote mbili, punguza mwendo, kaa kulia. Marefu mengine yana taa za umeme lakini usizitegemee. Refu kuliko yote linakaribia kilomita moja. Ukiingia, jasho la mgongoni linapoa ghafla, unasikia tone la maji likidondoka mbele na sauti ya mnyororo wako ikirudi kutoka ukutani. Nje kuna jua kali. Ndani ungetamani sweta.

Katikati ya safari utafika mwamba wa Zaframagón. Simama. Huu ni mji wa tumbusi, wale wakubwa ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupata mita mbili na nusu. Mawe yamepigwa michirizi myeupe ya vinyesi vyao, na ndiyo alama ya kujua wanapolala. Mapema asubuhi wamekaa. Hewa ikianza kupata joto, kama saa nne, wanajirusha mmoja mmoja, wanazunguka bila kupiga bawa. Jengo la stesheni iliyo karibu limefanywa kituo cha kuwatazama na kujifunza habari zao. Mimi hukaa hapo saa nzima kila safari.

Karibu na Coripe kuna mti wa mwaloni, Chaparro de la Vega, ambao kivuli chake kinatosha harusi. Kula hapo. Kisha malizia Puerto Serrano, ulale.

Hatua ya 5: Kurudi (siku ya 4 na ya 5)

Rudi kwa njia ileile hadi Olvera, kisha Ronda. Msidhani mtachoka kuiona: mwanga umegeuka, na milima uliyoipa mgongo jana sasa iko mbele yako.

Chakula: kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja maduka mengi hufungwa, na Jumapili huenda usipate duka kabisa. Nunua mkate, jibini na matunda asubuhi. Namba ya dharura ni 112.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mombasa: *Asalaam aleikum kaka. Sisi tusiokula nguruwe tutaponea wapi huko?*

Waaleikum salaam dada. Ni swali la maana, maana nguruwe huingia hata kwenye supu ya mboga. Agiza tortilla ya viazi na mayai, gazpacho (supu baridi ya nyanya), mchicha na dengu, samaki. Salmorejo, supu nyingine baridi ya nyanya iliyo nzito zaidi, ni tamu sana lakini huwekwa vipande vya jamón (paja la nguruwe lililokaushwa) juu, basi sema mapema "sin jamón". Ukitaka uhakika kamili, uliza pia mafuta na mchuzi wa kupikia.

Kutoka Muscat: *Pasipoti yangu ni ya Tanzania. Viza ikoje?*

Ni viza ya Schengen, ada euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Kwa kuwa unahama kila usiku, weka nafasi ya kila kijiji kabla ya kuomba, na uambatishe ratiba yenye tarehe.

Kutoka Moshi: *Mwanangu, nina miaka 66 na goti moja bovu. Niache?*

Shikamoo mzee. Usiache. Kodi baiskeli yenye mota, fanya ile siku ya reli peke yake, na uombe gari la kukurudisha Olvera. Panga bei kabla. Tumia gia nyepesi hata pale unapojisikia una nguvu, na kiti kisiwe chini, goti litakushukuru.

Kutoka Toronto: *Nitasafiri peke yangu, mwanamke. Mbwa na usiku vinanitia hofu.*

Dada, mke wangu aliipita peke yake mwaka jana na alichosema kikubwa ni upweke wa mahandaki. Alingoja mdomoni mpaka watembea kwa miguu wakafika, akaingia nao. Mbwa wa mashambani mara nyingi wamefungwa. Akitokea mmoja, shuka, weka baiskeli kati yako naye, tembea taratibu. Panga kufika kijijini kabla ya saa kumi na moja jioni. Na mtumie mwenye nyumba ujumbe asubuhi, umwambie unatokea wapi, ili ukichelewa awepo anayekuulizia.