Ndugu yako akishikwa Lamu

Ukisikia kijana wenu kashikwa, usianze kwa kuzunguka mitaani kuuliza nani kamchongea. Nenda kituo cha polisi na kitambulisho chako, ulize aliyeandikwa kwenye OB, yaani daftari la matukio la polisi, ni nani, kwa kosa gani, na namba yenyewe ni ipi. Andika namba hiyo mahali. Taja jina lake lililo kwenye kitambulisho, maana mtu mtaa mzima wamwita Kibwana na kwenye daftari ni mwengine kabisa. Utapoteza asubuhi nzima bure.

Katiba, kifungu cha 49, yataka afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Zikimalizikia wikendi au sikukuu, husogezwa hadi siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo aliyeshikwa Ijumaa jioni huenda akalala ndani mpaka Jumatatu. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, na mtu mwengine ambaye msaada wake anauhitaji. Omba hilo kwa upole, lakini liombe.

Akipelekwa rumande, jiandae na safari. Ile ngome ya mjini haifungi mtu tena, siku hizi ni makumbusho. Gereza liko mahali paitwapo Hindi, upande wa bara: boti hadi Mokowe, kisha gari. Kabla ya kupika biriani la kumpelekea, uliza kwanza kinachoruhusiwa. Wengi hurudi na sufuria zao zimejaa.