Kusoma hati ya Vatikani inayowagawa Wakatoliki

Kabla ya kuamini kichwa cha habari, tambua aina ya hati. Motu proprio, yaani hati anayoitoa Papa kwa hiari yake mwenyewe, huweza kuweka sheria: Traditionis custodes ya Julai 16, 2021 ilibana matumizi ya Misale ya 1962 (kitabu cha Misa ya Kilatini ya zamani) na kumwachia askofu wa jimbo kutoa ruhusa. Maneno ya Papa kwa waandishi ndani ya ndege hayabadilishi sheria yoyote.

Kisha tafuta aya inayobishaniwa, usome na zinazoizunguka. Hapa ndipo wengi huteleza. Fiducia supplicans, tamko la Vatikani kuhusu baraka la Desemba 18, 2023, ilidhaniwa imehalalisha ndoa za jinsia moja. Sivyo: aya ya 31 inaruhusu wapenzi wa jinsia moja wapewe baraka isiyo na ibada maalumu, ya 4 inasisitiza ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na ya 39 inakataza baraka hiyo isiambatane na sherehe ya muungano wa kiserikali.

Subiri pia majibu. Ufafanuzi wa Vatikani kuhusu Fiducia supplicans ulitoka Januari 4, 2024. Wiki moja baadaye maaskofu wa Afrika kwa ujumla walikataa kutoa baraka hizo. Usiharakishe kumwita mtu mhafidhina au mwanamageuzi. Lebo za kisiasa hupotosha sana hapa: anayetetea Misa ya Kilatini anaweza vilevile kupinga adhabu ya kifo.