Kuhamisha Hesabu Zako za Fedha kutoka Windows hadi Mac

Watu wengi hapa Uganda wanaotunza hesabu za nyumbani kwa kompyuta walianzia kwenye Windows, kwa sababu ndiyo waliyoikuta ofisini, chuoni na katika maduka ya kompyuta zilizotumika. Sasa wapo wanaohamia Mac, baadhi yao kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine zao hazina uwezo wa kupokea Windows 11. Kununua mashine mpya ni jambo la siku moja. Kuhamisha kumbukumbu za miaka kadhaa za mshahara, ada za shule, mkopo wa SACCO na pesa za simu ni kazi inayotaka utulivu, kwa maana faili linaweza kufunguka vizuri kabisa kwenye Mac huku salio la akaunti moja likiwa limepotoka, nawe usigundue mpaka muhula mpya wa shule unapofika na unazihitaji fedha hizo.

Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: uhamisho umekamilika pale tu ambapo salio la kila akaunti linalingana kwenye mashine zote mbili, kwa tarehe ya mwisho na pia kwa tarehe kadhaa za katikati. Sababu ya kuzitaja tarehe za katikati itaonekana baadaye, na ndiyo sehemu ambayo watu huiruka.

Kabla ya kugusa faili

Chagua tarehe moja ya kufungia hesabu. Mwisho wa mwezi unatosha, lakini kwa mtu mwenye nyumba za kupangisha au biashara ndogo anayewasilisha ritani URA (mamlaka ya kodi ya Uganda), tarehe 30 Juni ni bora zaidi, kwa kuwa mwaka wa kodi wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuishia hapo. Kisha chukua karatasi na uandike kila akaunti iliyomo kwenye programu yako: benki, MTN, Airtel, SACCO, fedha taslimu, mikopo unayodaiwa na fedha unazowadai wengine. Mbele ya kila jina andika salio la tarehe uliyochagua, idadi ya miamala na tarehe ya muamala wa kwanza. Nenda nyuma uandike pia salio la tarehe 30 Juni la kila mwaka uliopita, pamoja na salio la mwisho wa mwezi kwa miezi mitatu au minne ya mwaka wa karibuni. Karatasi hii ndiyo shahidi wako. Usiihifadhi ndani ya kompyuta ile ile unayoihama.

Linganisha salio hizo na taarifa za benki na za simu kabla ya kuhama. Kosa lililokuwamo Windows litasafiri hadi Mac, na ukiligundua huko utashindwa kujua kama limetokana na uhamisho au lilikuwapo tangu awali.

Baada ya hapo funga programu kabisa, halafu tengeneza nakala rudufu mbili za faili, moja kwenye diski ya nje na nyingine kwenye flashi utakayoiweka mahali tofauti. Diski iwe imeandaliwa kwa muundo wa exFAT, ambao mifumo yote miwili husoma na kuandika. Diski ya muundo wa NTFS, ambao ndio wa kawaida wa Windows, Mac huisoma tu bila kuweza kuandika juu yake. Angalia pia matundu ya mashine yako mpya: kompyuta nyingi za MacBook za miaka ya karibuni hazina tundu la USB la kawaida ila la USB-C, kwa hiyo flashi ya kawaida itahitaji adapta. Kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), nakili wakati umeme umetulia, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili huweza kubaki nusu.

Usilitume faili hilo kwa WhatsApp, wala usilipeleke kwa mtu wa dukani akuhamishie. Lina jina lako, namba za akaunti, namba za simu za watu uliowatumia fedha na picha nzima ya maisha ya nyumba yako. Anayetunza hesabu za kikundi cha akiba ana sababu kubwa zaidi ya kuwa mwangalifu, kwani anabeba siri za wanachama wenzake, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalinda taarifa za aina hiyo.

Njia hutegemea programu uliyonayo

Kama unatumia programu inayopatikana kwa Windows na kwa Mac pia, kama vile GnuCash, Money Manager Ex au Moneydance, kazi yako ni nyepesi: weka programu hiyo hiyo kwenye Mac, toleo lile lile au jipya zaidi, lisiwe la zamani zaidi, kisha nakili faili na ulifungue. Kwa kuwa GnuCash haina malipo na ndiyo ningemshauri mtu anayeanza upya, nitaieleza kidogo zaidi.

Ndani ya folda ya hesabu zako utakuta mafaili mengi yenye majina yanayofanana. Yale yenye mfululizo mrefu wa tarakimu ndani ya jina ni nakala ambazo GnuCash hujitengenezea kila unapohifadhi. Yale yanayoishia na neno log ni kumbukumbu za mabadiliko. Faili lako halisi ni lile lenye jina ulilolipa mwenyewe na kuishia na .gnucash, bila tarakimu hizo. Ukiona pia faili linaloishia na LCK, ni dalili kwamba programu bado imefunguliwa mahali fulani au haikufungwa vizuri. Ifungue na kuifunga tena kwa utaratibu kabla ya kunakili.

Ripoti ulizojitengenezea hazimo ndani ya faili la hesabu. Katika Windows hukaa kwenye folda ya GnuCash iliyomo ndani ya AppData, na katika Mac mahali pake ni Library, kisha Application Support. Viungo vya picha za stakabadhi navyo vinataka uangalifu, kwa sababu kiungo kinachoanza na C: hakina maana yoyote kwenye Mac. Katika mipangilio ya GnuCash kuna mahali pa kuonyesha folda kuu ya stakabadhi; ukiijaza ukiwa bado Windows, viungo hugeuzwa kuwa vya kuanzia kwenye folda hiyo, na ukifika Mac utaonyesha tu folda mpya iko wapi. Mwenye stakabadhi nyingi za ada za shule atafaidika sana kwa kufanya hivi mapema.

Quicken ni jambo jingine. Ile ya Mac na ile ya Windows ni programu mbili tofauti zenye jina moja, na zote zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani na Kanada. Ya Mac ina njia yake ya kuingiza faili la Windows, lakini uwe tayari kukagua uwekezaji na kutengeneza upya baadhi ya ripoti. Kwa mtu wa Kampala au Mbarara ambaye benki yake haiungani na Quicken hata kidogo, sioni sababu ya kuendelea kulipa ada yake ya kila mwaka, na uhamisho huu ni nafasi nzuri ya kuiacha.

Microsoft Money iliacha kuuzwa mwaka 2009, na toleo la mwisho la bure la mwaka 2010 linafanya kazi Windows tu. Faili lake la mny lazima ligeuzwe kuwa QIF, aina ya faili la kuhamishia hesabu nitakayoieleza hapa chini, akaunti moja moja. Wale wanaotunza hesabu kwenye Excel watafungua kitabu chao kwenye Excel ya Mac au LibreOffice bila shida kubwa, isipokuwa vitufe vya ActiveX, teknolojia ya Windows, ambavyo havifanyi kazi huko.

Kuhusu wazo la kuendesha Windows ndani ya Mac: njia ya Apple yenyewe, Boot Camp, haipo kwenye Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kutoka Novemba 2020. Zipo programu nyingine za kulipia zinazoweza, lakini kuiweka Windows nzima kwa ajili ya daftari moja la hesabu ni gharama isiyo na lazima.

QIF, na mitego yake

QIF ni faili la maandishi matupu, unaweza kulifungua na kulisoma kwa macho. Muamala mmoja huonekana hivi:

!Type:Bank
D05/03/2024
T-200,000
PKuweka kwenye simu
L[Simu]
^

Mstari wa D ni tarehe, T ni kiasi, P ni aliyelipwa au maelezo, L ni kundi la matumizi, na alama ya mwisho hufunga muamala. Mambo matatu katika mistari hii michache ndiyo husababisha karibu hasara zote.

La kwanza ni tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, kwa hiyo huu ni muamala wa tarehe 5 Machi. Programu yenye mazoea ya Kimarekani itausoma kuwa wa tarehe 3 Mei. Faili lenyewe halisemi ni mpangilio upi uliotumika. Tafuta ndani yake muamala ambao namba moja inazidi 12, mfano 25/03/2024, nawe utajua kwa hakika. GnuCash ikiona utata itakuuliza. Usibonyeze kitufe cha kuendelea kabla hujatazama. Ubaya wa kosa hili ni kwamba haliharibu salio la miamala yote kwa jumla. Miamala yote ipo, jumla ni ile ile, ila imetawanywa katika miezi isiyo yake. Hapo ndipo salio za katikati ulizoziandika kwenye karatasi zinapokuokoa.

La pili ni mabano ya mraba. Yanaonyesha kwamba shilingi 200,000 hazikutumika, zilihamishwa tu kutoka benki kwenda akaunti inayoitwa Simu. Muamala huo huo utakuwamo pia ndani ya faili la akaunti ya Simu, safari hii kama fedha zilizoingia. Ukiingiza faili la benki leo na la simu kesho, unaweza kujikuta na uhamisho mara mbili. Kwa hiyo toa mafaili ya akaunti zote kwanza, kisha katika GnuCash yapakie yote kwenye mfululizo mmoja wa kuingiza, moja baada ya jingine, kabla ya kwenda hatua inayofuata. Programu itazitambua pande mbili za uhamisho na kuziunganisha. Majina ya akaunti lazima yafanane herufi kwa herufi: Simu katika faili moja na MTN katika jingine huhesabiwa kuwa akaunti mbili.

La tatu ni sarafu. QIF haitaji popote kama kiasi ni shilingi au dola. Mwenye akaunti ya dola aiingize peke yake, katika kitabu (yaani faili la hesabu) cha majaribio kwanza, na aitaje sarafu wakati programu inapouliza.

Fanya jaribio la kwanza ndani ya kitabu kitupu ambacho hutajali kukifuta. Ukikosea, kifute na uanze tena. Usijaribu kurekebisha miamala iliyoharibika kwa mkono.

CSV, faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma, itumie pale tu ambapo QIF haipatikani. Itoe kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa UTF-8, na usiifungue kwenye programu ya majedwali ukaihifadhi kabla ya kuiingiza, kwa sababu namba ya simu inayoanza na 07 itapoteza sifuri yake na namba ndefu za miamala huweza kugeuzwa. Kiasi chenye koma, kama 200,000, kikikosa alama za kunukuu hukatwa kuwa safu mbili. Kwenye Mac yenyewe, weka eneo kuwa Uganda katika mipangilio ya lugha na eneo, ili tarehe na tarakimu zisomwe kama ulivyozoea.

Kulinganisha

Sasa chukua karatasi yako. Anza na salio la mwisho la kila akaunti, kisha idadi ya miamala, kisha salio za tarehe 30 Juni kurudi nyuma, halafu zile za mwisho wa mwezi. Mwaka wa mapema zaidi ambapo namba zinaachana ndio wenye kosa. Ndani yake tafuta mwezi, na ndani ya mwezi utaupata muamala.

Tofauti yenyewe hueleza mengi. Ikiwa ni ile ile tangu siku ya kwanza, salio la kuanzia halikuingia. Ikiwa ni sawa na uhamisho fulani, uhamisho huo umerudiwa au umekosekana. Ikiwa nusu ya tofauti ni sawa na muamala unaoujua, alama ya kutoa imepotea, na malipo yamehesabiwa kama mapato. Ikiwa uliandika salio lolote kwa mkono na tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki, huenda ulibadilishana nafasi za tarakimu mbili, ukaandika 540,000 mahali pa 450,000. Na ikiwa mwisho unalingana lakini miezi ya katikati hailingani, rudi kwenye tarehe.

Akaunti ya mkopo ikague kwa uangalifu zaidi kuliko nyingine. Kiasi unachodaiwa huonekana kwa alama ya kutoa katika programu moja na bila alama katika nyingine, kwa hiyo salio linaweza kuonekana kinyume bila kosa lolote kuwapo. Lipime kwa taarifa ya SACCO yenyewe.

Namba zote zikilingana, tengeneza nakala rudufu ya faili jipya. Ukichomeka diski, Mac inaweza kukuuliza kama uitumie kwa Time Machine, programu yake ya nakala rudufu. Usikubali kwa diski iliyobeba nakala zako za Windows, kwa kuwa huenda ikafutwa yote ili iandaliwe upya. Nunua diski nyingine kwa kazi hiyo.

Kompyuta ya zamani ibaki nyumbani mpaka taarifa ya mwezi mzima wa benki na ya simu iwe imepita kwenye Mac na kulingana. Wakati huo usiingize muamala wowote mpya Windows, ili kusiwe na vitabu viwili vinavyodai kuwa sahihi. Ikifika siku ya kuiuza, tumia amri ya Windows ya kurejesha mashine upya, chagua kuondoa kila kitu pamoja na kusafisha diski, na ulifanye jambo hilo mwenyewe kabla mnunuzi hajafika.