Saa ya meli na saa ya Greenwich: kubadilisha majira unapopima nyota baharini

Saa ya ukutani melini hupanga zamu na chakula. Almanaka ya mabaharia, yaani kitabu cha majedwali ya mahali lilipo jua na nyota, yenyewe imeandikwa kwa saa ya Greenwich, Uingereza, penye longitudo 0. Kwa hiyo muda wa kila kipimo cha sekstanti, chombo cha kupimia kimo cha jua au nyota juu ya upeo wa macho, lazima uhamishiwe huko kwanza.

Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Gawa longitudo yako kwa 15, uchukue namba kamili iliyo karibu: huo ndio ukanda wako wa saa. Mombasa, 39°40′ Mashariki, inatoa 2.64, yaani ukanda wa 3. Ili upate saa ya Greenwich, ukiwa mashariki yake unatoa saa hizo, magharibi unajumlisha. Ukielekea Muscat, ukanda wa 4 unaanza 52°30′ Mashariki, ila nahodha anaweza kuchelewa kusogeza saa. Usikisie, soma kwenye batli, daftari la safari ya meli, ni ukanda gani unaotumika.

Sasa meli iko 88° Mashariki, karibu na ikweta. 88 kwa 15 ni 5.87: ukanda wa 6. Nyota imepimwa saa 11:40 alfajiri. Kabla ya hesabu yoyote andika 0540, maana saa yetu ya Kiswahili ikiingia kwenye karatasi inaleta tofauti ya saa 6, sawa na nyuzi 90. Toa 6 na utapata 2340, tena ya jana. Hapa ndipo wengi wanateleza: wanafungua ukurasa wa leo wa almanaka. Nyota zote zinahama pamoja kwa dakika 59 hivi za nyuzi, mistari inayochorwa kutokana na kila nyota inakutana vizuri kabisa kwenye chati, na meli inaonekana maili 59 mbali na ilipo. Ndiyo maana andika tarehe ya Greenwich kando ya saa, kila mara.

Kosa la sekunde nalo hujificha vivyo hivyo. Sekunde 4 ni maili moja ya baharini kwenye ikweta, dakika nzima ni maili 15. Mwenye sekstanti akiita, mwenye saa asome sekunde kwanza, kisha dakika, mwisho saa. Kronomita, saa sahihi ya meli inayotunza saa ya Greenwich, usiirekebishe. Ilinganishe kila siku na mlio wa saa wa redio, uandike imekimbia au imechelewa sekunde ngapi.

Kwa jua la adhuhuri, chukua muda wa jua kufika juu kabisa ulio kwenye almanaka, kisha ongeza dakika 4 kwa kila nyuzi moja uliyo magharibi ya katikati ya ukanda. Ukiwa mashariki yake, punguza. Katikati ya ukanda wa 4 ni 60°. Ukiwa 57°20′, almanaka ikisema 1214, jua litafika juu kabisa 1224 na sekunde 40. Uwe sitahani na sekstanti kufikia 1210.