Mbwa wanne ndani ya ukuta mmoja: namna ya kuwafanya wasipigane

Nyumbani kwangu Kihonda, Morogoro, nafuga mbwa wanne wa ulinzi. Simba na Bobi ni madume, Popi na Chausiku ni majike. Nyuma ya nyumba nina banda la kuku wa nyama, kwa hiyo harufu ya damu na utumbo haiishi uani, na hiyo peke yake inatosha kugombanisha mbwa kila siku. Wateja wanaokuja kuchukua kuku huniuliza, "Mama Neema, hawa umewapa dawa gani mbona wametulia?" Hakuna dawa. Ni mpangilio wa uani tu. Mbwa hugombana wanapokutana juu ya kitu wanachokitaka wote, na mwenye kuamua wakutane wapi na juu ya nini ni wewe mwenye nyumba.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Wengi wetu tunapika ugali laini wa dona au pumba na dagaa, tunamimina kwenye beseni moja, tunawaita. Mwenye nguvu anakula mpaka anatosheka, mnyonge anadokoa pembeni. Ipo siku mnyonge atakuwa na njaa kiasi cha kukataa kuondoka, na siku hiyo utasikia kelele.

Kila mbwa awe na sahani yake na mahali pake, siku zote palepale. Kwangu Simba anakula nyuma ya tangi la maji, Bobi ndani ya banda lake mlango ukiwa umefungwa, Popi kwenye kibaraza cha jikoni, Chausiku chini ya mwembe akiwa amefungwa kamba. Hakuna anayemwona mwenzake akitafuna. Kijana anayenisaidia kazi anagawa kwa mpangilio uleule kila jioni, na haondoki mpaka wote wamemaliza. Kisha anazikusanya sahani zote, hata zile zilizolambwa zikawa safi, kwa sababu sahani tupu nayo hugombaniwa. Hapo ndipo anamfungulia mmoja baada ya mwingine.

Mifupa ni hatari kuliko ugali. Ugali unaisha kwa dakika chache, lakini mfupa wa ng'ombe unalindwa saa nzima. Mtazame Bobi anapokaribiwa akiwa na mfupa. Kwanza anaacha kutafuna. Mdomo unafungwa, kichwa kinashuka juu ya mfupa, mwili mzima unakakamaa, na jicho linageuka pembeni mpaka weupe wake unaonekana. Hajanguruma bado, na mtu asiyemjua atasema ametulia. Huo ndio wakati wa kumwita yule anayekaribia aondoke. Kwangu mfupa unatolewa ndani ya banda lililofungwa, au hautolewi kabisa. Siku ya kuchinja kuku, mbwa wote wanafungiwa kabla kisu hakijatoka, na hawatoki mpaka sakafu imeoshwa na manyoya yamefukiwa.

Naomba nisisitize hapa: usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo, na onyo linampa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma. Mbwa akijifunza kwamba kunguruma kunaleta fimbo, ataacha kunguruma, na siku nyingine atauma bila kumpa mtu taarifa. Akinguruma, tafuta kinachomkera ukiondoe.

Sehemu ya pili ni geti. Bodaboda inapita, mbwa wote wanakimbilia getini wanabweka kwa hasira. Aliyekusudiwa yuko nje, hafikiki. Aliye karibu ni mwenzake, na meno yanamwangukia yeye. Nimeona ndugu waliokua pamoja wakiraruana kwa ajili ya mpita njia ambaye hata hakujua. Ziba sehemu ya chini ya geti kwa bati ili wasiwe wanaona kila mguu unaopita, na mchana usiwaache wote huru mbele ya nyumba. Mgeni akigonga, mbwa wafungiwe kwanza ndipo geti lifunguliwe, hata mgeni akiwa na haraka.

Usiku nawafungulia wawiliwawili, dume na jike. Simba na Popi wanalinda mbele, Bobi na Chausiku wanalinda upande wa kuku, katikati kuna uzio wa waya. Wote wanne wanabweka wakisikia kitu, lakini Popi na Chausiku, wale wenye kisirani, hawafikiani. Tena kama unatumia mnyororo, usimfunge mmoja huku wengine wakizurura karibu yake. Aliyefungwa anajua hana pa kukimbilia, kwa hiyo huwahi kuuma.

Sasa hili la majike, ambalo wafugaji wengi hawaliamini. Madume wakigombana kelele huwa nyingi, na mara nyingi yanaisha. Majike wawili wakianza, wanaumizana kwelikweli, na uadui wao haupoi upesi. Chausiku ni mtoto wa Popi. Alilelewa naye, wakalala pamoja, na watu wakaniambia mama na mwana hawawezi kudhuriana. Alipokaribia miaka miwili akaanza kumkazia mama yake macho kwenye mlango wa jikoni na kumzuia kupita kwa kifua. Huo ndio umri wa kuwa macho, kati ya mwaka mmoja na mitatu, kwani hapo mbwa anakomaa na kuanza kudai nafasi yake. Tangu hapo hawa wawili hawaachwi huru pamoja bila mtu mzima uani. Sitarajii wapatane, nami siwalazimishi.

Jike akiwa kwenye joto, hali ndiyo inakuwa mbaya zaidi. Kwa kawaida hutokea kama mara mbili kwa mwaka, na kila mara huchukua takribani wiki tatu. Madume yenu yatagombana, na ya mtaani yatajazana nje ya ukuta. Mfungie jike ndani ya chumba chenye mlango imara, siyo banda la waya. Kama huna mpango wa kuzalisha, mwone daktari wa mifugo: dume ahasiwe, jike afungwe kizazi. Watu husema mbwa aliyehasiwa halindi. Simba amehasiwa, na hakuna anayethubutu kuruka ukuta wangu. Ila usitegemee upasuaji ufute uadui wa zamani. Mpangilio wa uani unabaki palepale.

Mbwa mgeni usimwingize getini moja kwa moja. Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba, watembee njia moja asubuhi na mapema, wakiacha nafasi kati yao na wasiwakutanishe pua kwa pua. Wakishatulia, waingie uani pamoja, na kwa siku kadhaa waonane kupitia waya tu.

Na mbwa mpole akibadilika ghafla, mkague mwili. Sikio lenye usaha, kupe kati ya vidole, nyonga inayouma: mbwa mwenye maumivu hataki kuguswa na mwenzake.

Wakishikana licha ya yote, waingize watoto ndani na usipeleke mkono shingoni kwao, hata kwa mbwa uliyemlea mwenyewe, maana wakati huo anauma chochote kinachomgusa. Usiwapige fimbo, wanazidisha. Mwaga ndoo ya maji usoni kwao, au sukuma bati au kipande cha ubao katikati yao. Mkiwa wawili, kila mtu ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, mvute kinyumenyume kwa wakati mmoja, kisha muwafungie mbali. Ila kama mmoja ameng'ang'ania kwa meno, msivute mpaka aachie, msije mkachana nyama. Wasirudishwe pamoja siku hiyo. Pekua manyoya kwa vidole, kwani tundu dogo la jino huficha jeraha refu.

Mtu akiumwa na mbwa katika kuamua ugomvi, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu na amechanjwa. Na chanjo ya kichaa cha mbwa isiruke mwaka. Ya kwanza hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu. Kampeni za chanjo mara nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini kama ya mbwa wako imefika kabla ya hapo, mpeleke, usingoje gari la kipaza sauti lipite mtaani.